Mwanafunzi Mbele ya Watu wa Hadithi

Kuna namna mbili za kusoma kitabu cha hadithi. Mmoja asoma ili apate la kumjibu mwalimu. Mwingine asoma ili ajue mtu yule wa hadithi alitenda nini, na kwa sababu gani. Wa kwanza hupata alama nyingi, na wa pili pengine huzikosa. Leo twataka kusema juu ya daftari moja ambamo namna hizi mbili zimekaa pamoja, kwani twaona lafaa kupimwa kama vitabu vyenyewe vinavyopimwa.

Daftari hilo ni la msichana wa shule ya sekondari, wa parokia yetu. Alituachia tulisome, akakubali tuseme habari zake, ila jina lake hatutalitaja. Ndani yake ameandika mawazo yake juu ya vitabu viwili ambavyo vijana wengi wa Afrika wanaosoma Kifaransa huvikuta shuleni. Cha kwanza ni « Sous l'orage », maana yake « Chini ya dhoruba », kilichoandikwa na Seydou Badian wa Mali na kutolewa mwaka 1957. Cha pili ni « L'Enfant noir », yaani « Mtoto mweusi », cha Camara Laye wa Gine, kilichotolewa mwaka 1953.

Kwa wale wasiokijua kitabu cha kwanza, hadithi yake ni hii. Kany, msichana wa shule, anapendana na kijana mwanafunzi aitwaye Samou. Lakini baba yake, mzee Benfa, amekwisha kata shauri kumwoza kwa Famagan, mfanyabiashara tajiri mwenye wake wawili tayari. Sibiri, kaka mkubwa, anasimama upande wa baba. Birama, kaka mwingine aliyesoma, anasimama upande wa dada yake. Basi Benfa anawapeleka Kany na Birama kijijini kwa mzee Djigui, ndugu yake mkubwa, ili wapate kufundishwa utii. Mwishoni ni Djigui yule yule anayemgeuza Benfa moyo, na Kany anapewa Samou.

Kurasa za kwanza za daftari hazikutufundisha kitu. Tulikuta kwamba jambo kuu la kitabu ni mapambano ya desturi za kale na mambo ya sasa, kwamba Kany ni mpole, Benfa ni mkali, na Samou ni mwaminifu. Si uwongo. Lakini maneno hayo yaweza kuandikwa na mtu asiyefungua kitabu hata kidogo, kwa kunakili daftari la jirani. Ndiyo majibu yanayopendwa siku za mitihani. Mwalimu ameyapa alama nzuri.

Kumbe mbele kidogo msichana anaanza kusema kwa kinywa chake mwenyewe. Anaandika kwamba aliyeshinda katika kitabu si Kany. Kany alilia, akamwambia mama yake, akangoja. Birama alibishana, na maneno yake yaliongeza hasira tu. Aliyeshinda ni mzee Djigui. Kisha anauliza: na yule msichana asiye na Djigui katika jamaa yake afanye nini? Chini ya swali hilo mwalimu ameandika kwa wino mwekundu kwamba ametoka nje ya maswali aliyopewa.

Sisi twasema kwamba hapo ndipo alipoingia ndani. Katika daftari zima hakuna neno lenye nguvu kuliko hilo. Wengi husoma kitabu hiki na kusema kwamba mapendo yameshinda. Yeye ametazama vizuri zaidi: ameona kwamba mapendo peke yake hayakufungua mlango, ila neno la mkubwa. Huyo amesoma kwa macho yake.

Hata hivyo ameona nusu tu, nasi tulimwambia arudi kitabuni atafute nusu ya pili. Kijijini yupo mtu mwingine, Tiéman, ambaye watu wamemwita Mganguzi kwa sababu anatibu wagonjwa. Tiéman amesoma shule kama Birama, lakini akarudi kukaa na watu wake. Hawacheki wazee, tena hawaogopi. Anaketi nao, anazungumza nao kwa uvumilivu, anajua lini aseme na lini anyamaze. Yeye ndiye anayewaonya vijana kwamba kuwadharau wazee si njia ya kuwashinda, na kwa mazungumzo ya namna hiyo moyo wa Djigui unafunguka. Basi, Djigui hakuzaliwa mtetezi wa Kany. Msichana asiye na Djigui na atafute Tiéman: mtu anayejua kuchukua neno la kijana na kulipeleka kwa wazee katika lugha wanayoisikia. Jibu la swali lake lilikuwamo katika kitabu kile kile, lakini asiyeuliza hawezi kuliona.

Jambo moja hatukukubaliana naye. Juu ya Benfa anaandika kwamba ni mtu wa tamaa, anamwuza mtoto wake kwa tajiri, basi yamekwisha. Hapo amehukumu upesi mno. Mali ya Famagan ina uzito wake, hatukatai. Lakini Benfa ana mambo mengine moyoni: neno lake mbele ya ndugu na majirani, heshima ya baba katika nyumba yake, na woga kwamba shule imemnyang'anya watoto wake na kuwafanya wageni. Kama Benfa angekuwa mwenye tamaa tu, Djigui angemgeuzaje? Mwenye tamaa hugeuzwa kwa kitita kikubwa zaidi. Benfa aligeuka kwa sababu alikuwa mtu wa heshima, akaambiwa na yule aliyempasa heshima. Asiyemfahamu Benfa hatajua kuzungumza na baba yake mwenyewe, na hiyo ni hasara kubwa kuliko kukosa alama.

Tuje kwenye kitabu cha pili. Camara Laye anasimulia utoto wake huko Kouroussa, ambako baba yake alikuwa mhunzi na mfua dhahabu. Mwanzoni kabisa kuna nyoka mdogo mweusi anayekuja karakanani, na baba anamweleza mtoto kwamba huyo ndiye mlinzi wa ukoo wao. Mwanafunzi wetu ameandika mstari mmoja tu: kwamba huo ni ushirikina na haufai kwa Mkristu. Kisha amepita. Twadhani alitaka kutupendeza sisi makatekista.

Lakini hukumu ya imani si badala ya kusoma. Mstari ule ni sawa na yale majibu ya mitihani: umemfungia mlango kabla ya kuingia. Angalisoma mpaka mwisho wa mazungumzo yale, angaliona kwamba baba ana huzuni. Anamwambia mtoto kwamba anaogopa hawatakaa pamoja siku nyingi za kutosha, kwa kuwa mtoto yuko shuleni, na siku moja ataiacha shule hiyo aende kwenye shule kubwa zaidi, na kumwacha baba. Jambo hilo ndilo linaloendelea katika kitabu kizima: kutoka Kouroussa mpaka Conakry, kutoka Conakry mpaka Ufaransa, na mama analia mtoto asiondoke. Nani katika parokia zetu asiyejua kilio hicho? Mzazi analipa karo ya shule kwa taabu, na karo hiyo hiyo inamsafirisha mtoto mbali naye.

Katika ukurasa mwingine tulikuta swali lililofutwa kwa kalamu, lakini bado lasomeka: Wazungu wako wapi katika kitabu hiki, ikiwa nchi ilikuwa mikononi mwa Wafaransa? Tulimwuliza kwa nini amelifuta. Akasema aliona haya, kwani kitabu kinasifiwa na watu wakubwa. Tulimweleza kwamba mwandishi mashuhuri wa Kameruni, Mongo Beti, alimlaumu Camara Laye kwa jambo hilo hilo katika miaka ya 1950, kitabu kilipokuwa bado kipya. Wengine wamemtetea Laye wakisema kwamba kumwonyesha Mwafrika katika heshima ya kazi yake na jamaa yake ni jibu tosha kwa wenye kumdharau. Sisi twaona pande zote mbili zina haki yake. Lakini swali lilistahili kubaki.

Wasomaji wapenzi, tazameni basi. Katika daftari hili neno bora limetiwa wino mwekundu, na swali bora limefutwa na mwenyewe. Yaliyosifiwa ni yale yaliyonakiliwa. Mwanafunzi akizoezwa hivyo miaka sita, atajifunza kwamba anachokiona hakina thamani, na kwamba kazi yake ni kurudia yaliyosemwa. Halafu siku ya posa yake itakapofika tutamtaka aseme wazi kama anataka au hataki! Sheria ya jamaa ya nchi yetu, iliyorekebishwa mwaka 2016, yadai miaka 18 kwa msichana sawa na kwa mvulana, na hiari ya wote wawili. Kanisa nalo halifungi ndoa pasipo hiari. Lakini hiari yahitaji mtu aliyezoea kutamka mawazo yake, naye huanza kuzoea kwa mambo madogo, kama kusema juu ya Kany na Benfa.

Kwa hiyo, enyi walimu, mtoto akiandika jambo ambalo halimo katika maswali yenu, mwulizeni kwanza ameliona katika ukurasa gani. Akiwaonyesha ukurasa, mpeni alama. Enyi wazazi, hata msiojua Kifaransa, mwambieni mtoto awasimulie hadithi jioni kwa lugha ya nyumbani, kisha mwulizeni: wewe wamwonaje yule baba? Mkubali kusikia jibu. Na wewe mwanafunzi, usifute swali lako kabla ya kulipeleka kwa mtu mwenye subira. Rudi kitabuni, soma tena, umtendee haki hata yule usiyempenda.