Kicheko Chenye Macho

Katika Kiswahili, kumwita mtu mnyama ni kumtukana, na kumwita hayawani ni kumtukana zaidi. Kwa hiyo msomaji wetu akutanapo kwa mara ya kwanza na kitabu cha Gerald Durrell kiitwacho My Family and Other Animals, yaani Jamaa Zangu na Wanyama Wengine, huenda akashtuka. Mwiba wa jina hilo umo katika neno "wengine". Neno hilo moja linamtia mama, kaka na dada katika zizi moja na kobe, bundi na nge. Je, ni tusi, ni mzaha, au ni heshima? Swali hili si dogo. Jibu lake linatuonyesha uzuri wa kitabu, na pia upungufu wake.

Durrell alizaliwa Jamshedpur, India, mwaka 1925, kitinda mimba wa mhandisi Mwingereza. Baba yake alifariki mwaka 1928, na mama, Louisa, akarudi Uingereza na watoto wake. Mwaka 1935 jamaa hao, wakiwa wamechoshwa na mvua na mafua, walihamia Corfu, kisiwa cha Ugiriki kilicho karibu na pwani ya Albania. Walikaa huko mpaka mwaka 1939, vita vilipokaribia. Gerald alifika kisiwani akiwa na umri wa miaka 10. Kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1956, naye anaeleza katika dibaji kwamba alikusudia kuandika habari za viumbe wa kisiwa, lakini jamaa zake wakajipenyeza katika kurasa za mwanzo na kukataa kutoka. Hao ni Larry, mwandishi mwenye ulimi mkali. Leslie, mpenda bunduki. Margo, mwenye kushughulika na sura yake. Na mama, ambaye subira yake ndiyo nguzo ya nyumba.

Wengi hukisifu kitabu hiki kwa kuchekesha, na sifa hiyo ni ya haki. Walakini vitabu vya kuchekesha ni vingi, na aghalabu husahauliwa upesi. Yafaa tuulize kicheko cha kitabu hiki kinatoka wapi.

Tutazame kisa cha nge. Kijana amepata nge jike aliyebeba watoto wake mgongoni. Anamtia katika kisanduku cha kiberiti, anakiweka sebuleni, kisha anasahau. Baada ya chakula Larry anataka kuwasha sigara, anafungua kisanduku, na nge anatoka na kupanda mkononi mwake. Larry anamrusha, nge anaangukia mezani, watoto wake wanatawanyika kati ya sahani, Margo anatupa maji yanayomwangukia mama yake, na mbwa, kwa kutaka kuwatetea mabwana zake, anamuuma mtumishi. Mtu yeyote angecheka. Lakini angalia mwandishi alivyotangulia kutuandaa. Kabla ya ghasia hiyo ametuchukua usiku, taa mkononi, mpaka kwenye ukuta wa bustani, akatuonyesha jinsi nge wanavyoishi na jinsi dume na jike wanavyoshikana makoleo katika uchumba wao. Kwa sababu hiyo, nge anapoanguka mezani hatuoni mdudu wa sumu tu. Tunaona mama aliyepotewa na watoto. Katika chumba kimoja mna mama wawili, kila mmoja amefazaika, na kijana anawaokota watoto wa nge kwa kijiko cha chai. Kicheko chetu kimechanganyika na huruma, maana kujua kumetangulia kucheka.

Hii ndiyo siri ya kurasa bora za kitabu hiki: Durrell hutazama kwanza, kisha hucheka. Alifunzwa kutazama na Theodore Stephanides, daktari na mtaalamu wa viumbe, ambaye aliongea na mtoto wa miaka 10 kama mtaalamu anavyoongea na mwenzake, na baada ya kukutana naye kidogo tu akampelekea hadubini ndogo ya mfukoni. Alifunzwa pia na mwalimu wake George, aliyetambua kwamba mtoto huyu hakushika hesabu wala historia isipokuwa wanyama walitiwa ndani, akakubali kuwatia. Wanafunzi watafurahia kurasa hizo. Walimu nao hawatakosa la kujifunza.

Jicho hilo hilo huwatendea haki watu ambao wengine wangewahukumu kwa jina tu. Kosti, ambaye kijana anapata kwake shakwe mkubwa, ni mfungwa aliyemuua mkewe. Mama anaposikia anaingiwa na hofu, na hofu yake ina haki. Kijana, kwa upande wake, ameona mtu mwenye mashua na ndege. Mwandishi haifuti hatia ya Kosti. Hakubali tu kwamba hatia ni mtu mzima. Mpaka hapa twaweza kusema kwamba neno "wengine" katika jina la kitabu ni heshima: mwandishi amewatazama jamaa zake na majirani zake kwa subira ile ile aliyowapa viumbe wa ukutani.

Lakini mhakiki hana ruhusa ya kusifu na kuondoka. Kuna mahali ambapo kicheko kinakwenda mbele na jicho linabaki nyuma.

Mahali pa kwanza ni habari za Larry. Katika kitabu, Larry anaishi nyumbani kwa mama, mseja, akilalamika kila siku. Katika maisha, Lawrence Durrell alimwoa Nancy Myers mwaka 1935, na kwa sehemu kubwa ya muda wao kisiwani wawili hao waliishi mbali na wenzao, huko Kalami. Nancy hamo kitabuni. Watetezi watasema kwamba msimulizi ana haki ya kupanga visa vyake, na mimi nakubali. Lakini kupanga ni jambo moja, na kumwondoa mtu ni jambo jingine. Basi tukisome kitabu hiki kama kazi ya sanaa iliyojengwa juu ya kumbukumbu, wala tusikifanye daftari la ushahidi. Hata Leslie, kijana wa bunduki, alikuwa na maisha mapana kuliko mzaha aliopewa. Baadaye aliishi miaka kadhaa hapa Kenya, mbali na kurasa zilizomchekesha ulimwengu.

Mahali pa pili panatugusa zaidi. Spiro, dereva wa teksi aliyewahi kuishi Marekani, ndiye mwokozi wa jamaa hao: anawatafutia nyumba, anawapigania forodhani, anawalinda wasipunjwe. Kwa matendo ni mtu mkubwa. Lakini kila afunguapo kinywa, Kiingereza chake huandikwa kwa makosa yake yote ili tucheke. Sasa mlinganishe na Yani, mchungaji mzee, anayesema Kigiriki chake mwenyewe. Maneno ya Yani, yakiisha kufasiriwa na mwandishi, yanatiririka kwa utulivu na heshima. Maana yake ni kwamba mtu akibaki katika lugha yake hupewa hekima, na akijasiri kuvuka mpaka na kuingia katika lugha ya mgeni hulipwa kicheko. Sisi tuliosomeshwa kwa lugha tulizozikuta shuleni tunaijua bei ya kuvuka huko. Kwa haki, wa kuchekwa hapa si Spiro, aliyejifunza lugha ya wageni, bali watu wazima waliofika kisiwani bila lugha ya wenyeji.

Mahali pa tatu ni mwandishi mwenyewe. Nyani haoni kundule. Larry anachekwa kwa majivuno yake, Margo kwa chunusi zake, mama kwa wasiwasi wake, lakini kijana aliyeleta nge, nyoka na shakwe nyumbani hupita katikati ya ghasia akiwa mtulivu na karibu hana kosa. Katika orodha ya wanyama wa nyumba ile, mmoja hakutazamwa sawasawa.

Kasoro hizi hazikiui kitabu. Ubora wa jicho lile ulithibitishwa na kazi: mwaka 1959 Durrell alifungua bustani ya wanyama katika kisiwa cha Jersey, na mwaka 1963 akaanzisha chama cha kuhifadhi viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Aliendelea na juhudi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1995. Mtoto aliyewaokota watoto wa nge kwa kijiko hakuwa hadithi tupu.

Basi tulijibu swali letu. Jina la kitabu ni heshima pale mwandishi alipotazama kwa subira. Ni mzaha pale alipofanya haraka. Na linakaribia tusi pale alipocheka bila kutazama. Kipimo hiki chafaa pia kwa mwanafunzi atakayeandika habari za nyumba yake, mjomba wake au jirani yake anayekosea maneno. Hakuna anayemkataza kuchekesha. Ila kabla hajaandika, na ajiulize kama amemtazama mtu huyo kwa muda ule ambao Durrell aliwatazama nge, taa mkononi, penye ukuta wa bustani.