Gari la Sekunde Kumi



Ukurasa huu umezoea kukuletea habari za vitabu na mashairi, na huenda ukastaajabu leo kuukuta wazungumza habari ya sinema ya magari. Usistaajabu. Muulize kijana yeyote wa Majengo au wa Kisauni gari la ndoto yake ni lipi, na wengi wao watakutajia Toyota Supra, tena ya rangi ya machungwa. Kisha muulize ameiona wapi. Barabarani hakuiona, au ameiona mara moja tu ikipita. Ameiona katika sinema. Basi kitu kinachomchagulia mtoto wako gari kabla hajajua hata kuendesha, chastahili kupimwa kama tunavyokipima kitabu kinachoingia nyumbani.

Sinema yenyewe yaitwa The Fast and the Furious. Ilitoka Marekani mwaka 2001, aliyeiongoza ni Rob Cohen, na asili yake ni makala ya gazeti iliyochapwa mwaka 1998 juu ya vijana wa New York washindanao kwa magari usiku. Zimefuata nyingine nyingi, na ya kumi ilitoka mwaka 2023. Lakini katika hizo za baadaye magari yaruka angani wala hayana tena haja ya barabara, nami sitazisema. Ile ya kwanza ndiyo iliyotia tamaa. Nimeitazama mara mbili, mara ya pili kalamu mkononi, na mjukuu wangu ubavuni akinitajia majina ya magari.

Kisa chake ni kifupi. Polisi kijana aitwaye Brian, aliyechezwa na Paul Walker, ajipenyeza katika kundi la washindani wa Los Angeles ili awajue wanaoteka malori ya mizigo njiani. Mkuu wa kundi hilo ni Dominic Toretto, aliyechezwa na Vin Diesel. Brian ashindana na Dominic na kushindwa, na gari alilokuwa amwie lateketezwa na maadui. Hapo deni lampata: amletee mwenziwe gari liwezalo kukata robo maili kwa sekunde kumi. Aleta Supra iliyokuwa mkweche juu ya lori, wote waikejeli mpaka wafungue boneti. Waitengeneza pamoja, na mwisho wa sinema, polisi wenzake wakiwa wakaribia, Brian ampa Dominic funguo za gari lile atoroke.

Tuanze na haki yake, kwani mkosoaji asiye na insafu ni mtesi tu. Mna mambo mema humu. Vijana wale wafanya kazi kwa mikono yao, wamejipaka mafuta, wajua jina na kazi ya kila chuma. Ningependa vijana wetu wanaokaa barazani tangu alasiri hata isha wayatazame hayo kuliko kutazama moshi wa matairi. Na kuna mahali pamoja wanapoketi kula: anayetia mkono wa kwanza katika chakula hushikwa na kuamriwa aombe dua kwa niaba ya wote. Yule aliyeandika hapo alijua adabu ya sinia, japo si adabu yetu sisi.

Na hilo gari, usidhani nitalitukana. Supra ile ilitengenezwa tangu mwaka 1993 hadi 2002. Injini yake ni ya lita tatu, silinda sita zilizosimama safu moja, na bloku ya chuma kizito, na turbo mbili za kuisukumia hewa. Mafundi husema kwamba wenye kuitengeneza waliifanya imara kuliko ilivyohitajiwa, na kwa hivyo huvumilia kuongezwa nguvu maradufu. Huo ni ustadi, na ustadi ni jambo la kusifiwa popote ulipo. Sura An-Nahl ilipotaja farasi na nyumbu na punda haikutaja kupanda peke yake, ilitaja na pambo pia. Basi mtu kupenda kipando kizuri si aibu, na sisi watu wa pwani hatuna haki ya kujifanya hatupendi mashindano; nenda Lamu wakati wa Maulidi uone watu walivyojaa ufukoni kuwatazama punda wakikimbizwa.

Sasa aibu ya sinema hii iko wapi? Watu wengi husema ni kasi, na wengine husema ni wanawake wasiojisitiri. Hayo yapo na kila mwenye macho huyaona. Mimi nataka nikuonyeshe lisiloonekana. Sinema hii, iliyofundisha dunia nzima kutamani gari, haimwonyeshi hata mtu mmoja akinunua gari.

Hebu tuhesabu pamoja. Gari la kwanza la Brian ni la polisi. Ile Supra, Dominic asema yataka dola elfu 15 au zaidi ndiyo iamke, na spea zake ziletwe kwa haraka kutoka Japani. Nani alipa? Brian ajibu kwamba hesabu iandikwe katika daftari la duka la spea, na duka hilo ndilo polisi walikompachika kazi. Dominic naye ana Dodge Charger ya mwaka 1970 gerejini kwake. Hakuinunua, ni urithi wa baba yake, aliyekufa akiungua ndani ya gari katika mashindano. Na kundi zima huongeza kipato chao kwa kuteka malori usiku na kuiba mizigo. Hakuna mahali ambapo mtu ahesabu mshahara, auliza bei, atoa kiasi, abakisha cha kodi ya nyumba, aambiwa na mkewe "ngoja mwaka ujao". Gari huja kama mvua.

Angalia tena ile Charger. Ndilo gari pekee katika kisa kizima ambalo twajua limegharimu nini, limegharimu uhai wa mzazi. Na Dominic, asiyeogopa polisi wala bunduki, akiri kwamba hilo lamtisha na hajapata kuliendesha. Hapa sinema ilikuwa na jambo kubwa mkononi! Ingesimama hapo kidogo, ingekuwa kazi ya maana. Lakini kabla ya mwisho Dominic apanda gari lilelile la baba yake, ashindana mbele ya garimoshi linalokuja, na hofu yote ile yageuzwa kuwa shangwe.

Kuna na hila nyingine, nayo ni ya wakati. Robo maili ni mita 402. Anayezikata kwa sekunde 10, wastani wake ni karibu kilomita 145 kwa saa, na amalizapo huwa amekwisha kupita 200. Hesabu sekunde kumi sasa hivi, msomaji, kabla ya kuendelea. Zimekwisha. Lakini katika sinema zimenyoshwa: waona mkono ukibadili gia, kisha mguu, kisha jicho, kisha mkono tena, mataa yamekuwa nyuzi, hata ukadhani mtu aweza kuishi humo ndani. Dominic mwenyewe asema kwamba huishi maisha yake kwa robo maili moja moja, na kwa zile sekunde kumi huwa huru. Kijana akisikia maneno hayo, na picha imemwonyesha sekunde kumi zilizo ndefu kama usiku wa kuamkia Idi, yamwingia. Hakuambiwa kwamba baada ya sekunde ya kumi na moja gari lile lile litataka petroli.

Nimpendaye zaidi katika kisa hiki ni kijana Jesse. Ni mwembamba, hodari wa kompyuta, hana utulivu, na ndiye anayeomba dua mezani. Baba yake yumo gerezani. Jesse aingia mashindano kwa gari aina ya Jetta, na masharti ni kwamba anayeshindwa hupoteza gari. Gari si lake, ni la baba yake! Ashindwa, atoroka nalo, na waliomshinda wamfuata hata mlangoni wakamuua kwa risasi. Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi Madina, waliotayarishwa kwa mbio mbali na wasiotayarishwa mbali, na wanavyuoni wameandika kwa urefu zawadi ipi ifaa na ipi haifai. Katika yote hayo, kila mmoja kuweka mali yake na mshindi kuzoa zote ni kamari, sawa iwe kwa karata au kwa gurudumu. Sinema yaililia maiti ya Jesse, ni kweli, lakini yamlaumu muuaji peke yake. Lile dau halilaumiwi na mtu. Brian naye katika mbio zake za kwanza hakuwa na dola 2,000 walizoweka wenziwe, akaweka hati ya gari, na sisi twatakiwa tucheke.

Huenda ukasema, sheikh, haya ni ya Los Angeles. Mzee mmoja alinijia baada ya alasiri na karatasi mkononi. Mwanawe ataka auziwe shamba la minazi, aliloachiwa mzee huyo na mamaye, ili anunue Supra. Karatasi ile ilikuwa picha ya gari na bei. Nilimwambia tukae tulichague gari hilo kama watu wanaonunua kweli, na tulikaa hata magharibi.

Kwanza, Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika likiwa limepita miaka minane. Supra ile ya sinema ilikoma kutengenezwa mwaka 2002. Basi anayekuahidi kukutolea moja bandarini yafaa umtazame machoni. Tanzania haikatazi namna hiyo, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu. Iliyobaki ni kununua iliyokwisha kuwamo nchini, na hiyo imepita mikono mingapi, na katika mikono hiyo ni mingapi iliyoitazama sinema? Kuna Supra mpya iliyotoka mwaka 2019, lakini hiyo iliundwa Austria pamoja na gari la BMW, na injini zake ni za BMW. Mzee alishangaa sana. Mwanawe ataka jina, na jina limehama nyumba.

Pili, aende nalo wapi? Gari lile liko chini. Matuta yetu wayajua, na mteremko wa kuingilia feri ya Likoni waujua, maji yakiwa yamekupwa. Katika vichochoro vya Mji wa Kale hata mkokoteni huomba njia. Hewa yetu ya chumvi hula bodi kimyakimya, hasa ile iliyopasuliwa na kuungwa ili kubandikwa mapambo. Turbo zataka mafuta safi kwa wakati wake, na fundi azijuaye si kila mwenye spana. Na kama fedha ni za mkopo wa riba, na kitabu cha gari kimekaa kwa mkopeshaji, basi kijana huyo hana gari, ana mgeni wa kulisha.

Tatu ni matairi. Hapa itanibidi nimtaje Paul Walker kwa heshima ya mtu aliyekwisha kufa. Alifariki tarehe 30 Novemba 2013 huko California, akiwa abiria katika Porsche Carrera GT iliyoendeshwa na rafiki yake, aliyekufa pia. Siku hiyo walikuwa wametoka katika shughuli ya kuwakusanyia msaada watu waliopigwa na tufani Ufilipino. Sisemi kwamba ilikuwa adhabu. Mimi si mjuzi wa ghaibu, na mtu anayetoka katika kuwasaidia maskini hatumsemi hivyo. Nasema yale waliyoyaona wachunguzi: gari lilikuwa likienda baina ya kilomita 129 na 150 kwa saa mahali palipowekwa kikomo cha kama 72, na matairi yake yalikuwa na umri wa miaka tisa. Mpira huzeeka hata ukiwa haukutumika. Ubavuni mwa tairi pana tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka lilipotengenezwa. Kijana yule alijua nguvu ya injini ya Supra kwa hesabu. Tarakimu hizo hakuwa amezisikia, kwa sababu katika sinema hakuna anayezitazama.

Shamba halikuuzwa. Si kwa ubingwa wangu. Mama yake kijana alipopata habari mazungumzo yalikwisha.

Mwaka 2021 moja katika zile Supra za machungwa zilizotumika kuchezea sinema iliuzwa kwa mnada Las Vegas, kwa dola 550,000. Basi baada ya miaka ishirini alitokea mtu akailipia. Nilipomweleza mjukuu wangu alifurahi, akasema, "Unaona, babu, ni mali!" Nikamuuliza, kati ya aliyeuza na aliyenunua, ni nani aliyefanya dola hizo zifike huko. Alinyamaza kidogo, akasema ni waliotazama.

Sikuambii uikataze. Watoto wanayo katika simu zao, na ukikataza wataitazama chini ya shuka. Keti nao. Usikemee mwanzoni, waache wacheke, wakutajie majina ya magari, kwani wapenda kujua kuliko wewe. Jesse akifika kwenye mstari wa kuondokea, simamisha picha, umuulize mwanao gari lile ni la nani. Kisha mwendelee.