Tusiwasifu kwa Mvi Zao: Wazee wa Taarab ya Tanga

Kuna namna ya kumsifu msanii mzee ambayo kwa hakika ni kumzika angali hai. Huitwa jukwaani, hutajwa umri wake, hupigiwa makofi kabla hajafumbua kinywa, hutunzwa kanga na bahasha, kisha akashushwa taratibu kwa kushikwa mkono. Kesho yake hakuna aulizaye aliimba nini, wala kama aliimba vyema. Dai la makala haya ni kwamba wazee wetu wa taarab hawahitaji huruma yetu. Wanahitaji sikio linalojua kuhukumu. Shahidi wangu ni Tanga.

Sisi wa visiwani tumezoea kuitazama taarab ya Tanga kama ndugu mdogo. Tuna Ikhwani Safaa tangu mwaka 1905, tuna Culture Musical Club tangu 1958, tuna fidla, udi, nai na kanuni. Tanga, katika miaka ya 1960, Black Star Musical Club ilishika gitaa la umeme, besi na kinanda, ikapunguza idadi ya wapigaji, na nyimbo zake zikaenea mwambao mzima. Kwa anayepima uasilia kwa ala, hilo ni kosa. Lakini udi na kanuni navyo vilikuja na jahazi: masimulizi ya kwetu yenyewe yanaipeleka asili ya taarab yetu Misri, zama za Sayyid Barghash. Hata Ayalandi, ambako wapigaji wakongwe huheshimiwa kama walinzi wa muziki wa kale, buzuki ya Wagiriki iliingia katika miaka ya 1960 na leo huhesabiwa kuwa ya nyumbani. Tanga husifika kwa msemo wa waja leo, waondoka leo. Gitaa lilikuja, likakaa.

Lililobaki pale pale ni shairi. Msikilize Bi Shakila Saidi, aliyeimba na Black Star kisha na Lucky Star, katika wimbo wake mashuhuri wa "Macho Yanacheka". Anwani yenyewe imebeba nusu ya maana. Nusu ya pili ameachiwa msikilizaji. Sauti haikimbilii kilio. Hutamka neno likakamilika, ikasubiri gitaa lijibu, ndipo ikarudi. Mizani haivunjwi ili kufuata mdundo, bali mdundo huingojea mizani. Ukiona vyaelea, vimeundwa: utulivu ule ni kazi, si tabia ya mtu mpole.

Basi tuseme wazi. Wazee hawa, walipokuwa vijana, hawakuwa walinzi wa makumbusho. Walikuwa wageuzaji. Walijua kipi kibadilike na kipi kisiguswe, na ujuzi huo wa kuchagua ndio urithi wenyewe. Tukiwahifadhi kama vyombo vya kale, tumehifadhi ganda na kutupa kiini.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoilaumu taarab ya kisasa, ile iliyoshamiri tangu miaka ya 1990 kwa vikundi kama East African Melody na TOT, kwa sababu ya kinanda chake. Kinanda wazee wa Tanga walikitumia kabla yao. Wala mipasho si dhambi. Kusemana kwa nyimbo ni desturi kongwe ya mwambao. Udhaifu, pale unapotokea, ni kudhani kuwa neno likisemwa waziwazi limekwisha kusemwa vizuri. Kijana hatalijua hilo kwa kuambiwa awaheshimu wazee. Atalijua akionyeshwa, ubeti kwa ubeti, kwa nini fumbo linadumu na tusi linachakaa.

Tanga hiyohiyo ilikwisha kutuonyesha njia. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909, alipoandika wasifu wa Siti binti Saad hakumtazama mwimbaji kama burudani ya jioni. Alimwona mtu ambaye maisha na kazi yake vinastahili kalamu. Ni wangapi kati yetu tumefanya hivyo baada yake? Bi Kidude alitutoka Aprili 2013, Juma Bhalo wa Mombasa Aprili 2014, Bi Shakila Agosti 2016. Kila mara machozi yalikuwa mengi kuliko uchambuzi.

Pengine msomaji ataona ni ukatili kumhakiki mtu ambaye pumzi zake zimepungua. Mimi naona kinyume chake. Bi Kidude katika uzee wake hakuwa na sauti laini, na kumwambia ni laini kulikuwa kumdanganya. Alikuwa na sauti ya mchanga na chumvi, na alijua mahali pa kuitupa. Kusema hivyo ni kumsikiliza. Kusema tu kwamba ni mzee ni kumpita njiani.

Basi siku nyingine mwimbaji mkongwe akipanda jukwaani, Tanga au Unguja, tumwombe maneno ya wimbo wake. Tuhesabu mizani, tuulize kwa nini kituo kimewekwa pale, na akikosea tumwambie kwa adabu, kama angetuambia yeye tungekuwa wanafunzi wake. Makofi yaje baadaye.