Tunamcheka Nani?

Katika miaka niliyokuwa nikiwafundisha walimu, nilipenda kuwaambia wanachuo wangu kwamba kichekesho ni kigumu kuhakiki kuliko tanzia. Tanzia ikiharibika hujulikana papo hapo, maana watazamaji husinzia. Kichekesho kikiharibika watu huweza kuendelea kucheka, na kicheko hicho humpumbaza mhakiki akadhani hana la kusema. Ndiyo maana michezo yetu ya kila wiki katika televisheni imetazamwa na wengi na kuhakikiwa na wachache.

Mimi hutazama nikiwa na swali moja, nalo huliuliza kila sehemu inapomalizika: tumemcheka nani, na kwa kosa gani?

Tuanze na Vioja Mahakamani, kipindi cha KBC. Umbo lake ni la kesi: shtaka husomwa, mshtakiwa hujitetea, mashahidi huhojiwa, hukumu hutolewa. Umbo hili humfaa sana mwandishi. Hana haja ya kuutafuta mgogoro, kwa kuwa shtaka lenyewe ni mgogoro. Wala hahangaiki na mwisho, kwa kuwa hukumu ni mwisho. Kinachobaki ni mazungumzo, na hapo ndipo sehemu nzuri na mbaya hutengana. Katika iliyo nzuri, mshtakiwa hunaswa na ulimi wake mwenyewe. Tuseme ameulizwa juu ya kuku mmoja, naye akaapa kwamba wale kuku wawili hawajui. Hapo tumeucheka uongo, na mtoto aliyeketi nasi amejifunza jinsi uongo unavyojifichua. Katika iliyo mbaya, mshtakiwa hukunja uso na kupayuka, hakimu akawa na kazi ya kumnyamazisha, na kesi isisogee hata hatua moja.

Vitimbi, nacho cha KBC, kilitupa Mzee Ojwang' na Mama Kayai. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini alimwigiza mzee wa Kijaluo kwa lafudhi ya Kijaluo miaka nenda miaka rudi. Kama kuiga lafudhi ni kosa kwa kila hali, basi yeye ndiye angekuwa wa kwanza kizimbani. Lakini Ojwang' alikuwa mtu kamili. Alikuwa na majivuno na hasira za karibu, na alitaka sana kuheshimiwa nyumbani kwake, naye Mary Khavere, katika nafasi ya Mama Kayai, hakumwachia heshima hiyo bure. Mvue Ojwang' lafudhi yake, bado utabaki na mume ambaye kila mmoja wetu anamjua, na wengine tunamwona kwenye kioo. Lafudhi ilikuwa vazi tu, na ndani ya vazi mlikuwa na mtu.

Wengi waliofuata walichukua vazi wakamwacha mtu. Ukitazama leo, utaona mhusika akiingizwa ili atamke vibaya, basi. Hataki kitu, haogopi kitu, hafichi kitu. Akitamka tu, watu hoi. Mwandishi amepumzika, na kabila zima limefanya kazi kwa niaba yake.

Sisemi haya kwa ajili ya ustaarabu wa barazani. Katika miaka ya 1990 niliketi nyuma ya darasa moja la shule ya msingi nikimkagua mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Alikuwa amejiandaa vizuri, chati zake safi, maswali yake yamepangwa kutoka jepesi hadi gumu. Alipotamka "sule" badala ya "shule", mtoto mmoja aliita jina la mchekeshaji wa televisheni, na darasa zima likaangua kicheko. Kijana yule alimaliza kipindi chake cha dakika 35 akiandika ubaoni na kuonyesha kwa kidole, akisema maneno machache awezavyo. Wale watoto hawakuwa wabaya. Walikuwa wamefundishwa mahali pengine kwamba sauti ya namna ile ni mzaha, nao walikuwa wanafunzi wasikivu.

Papa Shirandula, kilichoanza Citizen TV mwaka 2007, ni mfano mgumu zaidi, na kwa hiyo ni bora kwa kujifunzia uhakiki. Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, aliigiza mlinzi anayemficha mkewe, Wilbroda, kazi anayoifanya. Hicho ni kinaya cha kweli: sisi tunajua, mke hajui, na kila hodi mlangoni yaweza kuwa maangamizi. Bukeko aliujua mwili wake. Mabega yalijua kuwa ya bwana mkubwa nyumbani na ya mtumishi langoni. Katika sehemu zilizoandikwa kwa makini, tulimcheka mtu kwa kujikweza. Katika zile zilizoandikwa kwa haraka, tuliicheka sare yake. Tofauti ni ndogo kwenye karatasi, lakini kwa baba anayelinda lango usiku na kulipa karo kwa mshahara huo, si ndogo hata kidogo. Ni aibu gani iliyomo katika kazi halali? Mchezo ulikuwa na nafasi ya kuliuliza swali hilo, ila umbo la kila wiki liliuvuta kwingine, kwa sababu siri ikifichuka, Jumatatu mwandishi hana pa kuanzia.

Nawaonea huruma waandishi hao. Kutunga nusu saa mpya kila wiki ni kama kupika harusini: hujamaliza kuosha sufuria, wageni wengine wamefika. Wala siwaombi mahubiri. Mchezo unaohubiri hufa kabla ya matangazo ya biashara. Nawaomba wampe kila mhusika, hata mpishi na dereva, jambo analolitaka na jambo analoliogopa. Kicheko kitakuja chenyewe.

Nawe msomaji, usiuzime televisheni. Tazama pamoja na wajukuu, cheka nao, kisha kipindi kikiisha waulize yule mtu wamemcheka kwa nini. Wakijibu kwamba alidanganya, au alijivuna, au alikuwa mchoyo, mwandishi amefanya kazi yake. Wakijibu "anaongea vile", zungumzeni kidogo kabla ya kwenda kulala.