Mkuu wa Miungu Katika Riwaya: Funzo la Wamara na Mugasha

Mwandishi anayetunga riwaya ya ulimwengu wa kubuni hukabiliwa mapema na swali moja gumu: ni nani atakayekuwa mkuu wa miungu wa ulimwengu huo? Vijana wetu wengi hulijibu swali hili kwa haraka. Huchukua orodha ya miungu wa mataifa, wakamtoa Zeus kwa Wayunani, Odin kwa watu wa kaskazini ya Ulaya na Ra kwa Wamisri wa kale, kisha wakawakalisha katika baraza moja kana kwamba ni wajumbe wa mkutano. Anayeonekana kuwa na nguvu nyingi zaidi hupewa kiti cha enzi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba njia hiyo ina kasoro, na kwamba mila za Bukoba na Muleba, katika mkoa wa Kagera, zinatupa njia iliyo bora.

Kwanza hatuna budi kuwafahamu miungu wenyewe. Katika masimulizi ya jadi ya Wahaya, Ruhanga ndiye Muumba. Lakini utawala wa kila siku wa mambo yasiyoonekana ulikuwa mikononi mwa Wamara na wenzake. Mugasha alikuwa bwana wa ziwa, wa mawimbi na dhoruba. Irungu alimiliki pori na mawindo. Kazoba alihusishwa na jua, Ryangombe na ng'ombe, na Kagoro na radi. Juu ya hao wote alikuwa Wamara, mtawala wa roho za waliokufa.

Hapa ndipo mwigaji wa mambo ya kigeni anapoteleza. Wayunani walisimulia kwamba ndugu watatu walipiga kura kuugawa ulimwengu: Zeus akapata mbingu, Poseidon bahari, na Hades kuzimu. Mwanafunzi aliyekwisha kusoma habari hizo humwona Mugasha akasema, "Huyu ni Poseidon." Humwona Wamara akasema, "Huyu ni Hades." Kisha huanza kumtafuta Zeus wa Wahaya, na asipomwona humbuni, au humpandisha Kazoba kwa sababu tu jua liko juu. Kwa kufanya hivyo amekwisha kuuvunja mpango mzima wa fikra za watu hao. Kwa Wahaya, aliyetawala wafu ndiye aliyekuwa mkuu; hakuwa ndugu aliyepata fungu la giza. Bwana wa ziwa alikuwa chini yake. Mpango huu unatuambia kwamba watu hao waliwahesabu waliotangulia kuwa ndio wengi na ndio wenye nchi, na kwamba walio hai ni wageni wao wa muda.

Wamara aliupataje ukuu huo? Masimulizi yanatofautiana toka mahali hadi mahali, lakini kiini chake ni hiki. Wamara, aliyekuwa mfalme, alikwenda pamoja na wenzake kumzuru Kintu katika nchi iliyo chini ya ardhi. Kintu akawakirimu, akawapa mifugo na mbegu. Waliporudi juu, neema ikaenea. Lakini Wamara akasahau kumrudishia mwenyeji wake shukrani. Basi Kintu akamtuma Rufu, yaani Kifo, kumfuata mdeni. Mwisho wake Wamara na wenzake wakafa, wakaacha kuwa watawala wa walio hai, wakawa watawala wa roho.

Tulitafakari jambo hili. Mkuu wa miungu hapa ni mgeni aliyekula, akashiba, akaondoka bila kushukuru. Hakupata enzi kwa kumwua baba yake wala kwa kushinda vita. Wahenga walisema kuwa dawa ya deni kulipa. Wamara hakulipa, na kwa sababu yake kifo kikapata njia ya kuja kwetu. Katika nchi ambayo mgeni hupokewa kwa buni za kutafuna, kosa la namna hiyo si dogo. Kila msikilizaji alilielewa bila kufafanuliwa, kwa sababu lilitoka katika maisha yake mwenyewe. Mwandishi anayemchagua Wamara hupata pamoja naye kisa, kosa na hofu. Anayechagua jina tu kutoka katika orodha hupata jina tu.

Jambo la pili ni kwamba cheo cha mungu hubadilika kadiri tunavyosafiri. Ng'ambo ya pili ya ziwa, katika visiwa vya Ssese, Waganda walimjua Mukasa, ambaye jina lake na kazi yake vinakaribiana sana na vya Mugasha. Lakini Mukasa alihesabiwa kuwa miongoni mwa wakuu kabisa wa miungu wa Buganda. Ryangombe naye, ambaye kwa Wahaya alikuwa chini ya Wamara, nchini Rwanda alikuwa ndiye mkuu wa roho zilizoabudiwa. Kwa hiyo swali la nani mkuu haliwezi kujibiwa kabla ya kuuliza: mkuu wapi, na kwa nani?

Tena cheo hicho hakikuwa mbali na siasa. Wafalme wa Buhaya walijua kwamba anayeshika mahali patakatifu hushika pia mioyo ya watu. Katika kijiji cha Katuruka, wilayani Bukoba, masimulizi yaliyaunganisha makao ya mfalme Rugomora Mahe na mahali paitwapo Kaiija, ambapo wazee walisema chuma kilifuliwa tangu zamani. Mwanaakiolojia Peter Schmidt, aliyefanya utafiti huko na kuchapisha kitabu chake mwaka 1978, alifukua katika eneo hilo mabaki ya uyeyushaji wa chuma yenye umri unaozidi miaka 2,000. Masimulizi, basi, hayakuwa porojo. Lakini pia hayakuwa bila mwenyewe: utawala uliyatumia kujipatia heshima ya kale. Mwandishi asisahau kuuliza ni nani anayefaidika mungu fulani anapoitwa mkuu.

Je, fasihi yetu ya Kiswahili ina mfano wa kufuata? Upo. Katika tamthilia ya *Kinjeketile*, iliyotolewa mwaka 1969, Ebrahim Hussein alimchukua Hongo, roho wa maji aliyehusishwa na vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Hakumweka jukwaani ili kuupamba mchezo. Alimfanya Hongo kuwa swali: imani inayowaunganisha watu yaweza pia kuwaua? Hongo ni mkubwa katika tamthilia hiyo kwa sababu watu wanaweka roho zao rehani kwa jina lake. Huo ndio ukuu unaofaa kutafutwa.

Twajua kwamba wapo walimu na wazazi watakaoona shaka. Bukoba ni nchi ya makanisa ya siku nyingi. Mapadre walikwisha kufanya makao Kashozi mwaka 1892, na Laurean Rugambwa, mwana wa nchi hiyo, akawa kardinali wa kwanza Mwafrika katika nyakati zetu mwaka 1960. Wapo pia Waislamu wengi. Je, kumfundisha mtoto habari za Mugasha si kumrudisha kwenye ibada za kale? Sivyo. Mwanafunzi asomaye habari za Zeus hageuki kuwa mwabudu Zeus. Ni ajabu basi kwamba miungu ya wengine tuiite fasihi, na ya babu zetu tuiite ushirikina.

Lakini heshima ni wajibu. Ziwa la Mugasha si pambo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya *MV Bukoba*, ikitoka Bukoba, ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Wavuvi wa Bumbire na Goziba, wilayani Muleba, bado huingia majini wakijua kwamba upepo hauna rafiki. Mwandishi atakayemtia Mugasha katika riwaya na aandike kama mtu anayejua kwamba msomaji wake huenda amezika ndugu.

Kwa hiyo twawashauri walimu wawape wanafunzi maswali matatu kabla ya kuwaruhusu kumtawaza mungu yeyote katika hadithi zao. Mungu huyu ni wa mahali gani? Anadaiwa nini, au anamdai nani? Na anapoinuliwa yeye, ni nani anayeshushwa? Atakayeyajibu vizuri ataweza kumtumia hata Odin bila kupotea. Asiyeyajibu hata Wamara atamgeuza sanamu tupu, naye atakuwa amerudia kosa la Wamara mwenyewe: kupokea zawadi ya wenyeji, na kuondoka bila kushukuru.