Cicely Tyson: Ufundi wa Kuvaa Uhusika

Cicely Tyson alizaliwa Harlem, jijini New York, tarehe 19 Desemba 1924. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Nevis, kisiwa kidogo cha Karibi, na walimlea kwa sala na nidhamu kali. Alipokua alifanya kazi ya kupiga chapa katika ofisi ya Msalaba Mwekundu, kisha akawa mwanamitindo wa magazeti. Alipoanza kuigiza katika miaka ya 1950, mama yake, aliyeiona sinema kuwa njia ya upotevu, alimfukuza nyumbani, na mama na binti wakakaa muda mrefu bila kusemezana. Huenda gharama hiyo ndiyo iliyomfanya asiichezee kazi yake maisha yake yote.

Mwaka 1961 alikuwa katika kundi lililopanda jukwaani New York na tamthilia ya Jean Genet, The Blacks, pamoja na James Earl Jones, Maya Angelou na Louis Gossett Jr. Tamthilia hiyo ilichezwa kwa miaka kadhaa, ikawa chuo cha kizazi kizima cha waigizaji weusi. Miaka miwili baadaye televisheni ya CBS ilimpa nafasi ya katibu katika East Side/West Side, mfululizo uliohusu maofisa wa ustawi wa jamii, George C. Scott akiwa mhusika mkuu. Nafasi yenyewe haikuwa kubwa, lakini katika tamthilia nzito za televisheni ya Marekani wakati ule ilikuwa nadra mno kumwona mwanamke mweusi akirudi wiki baada ya wiki. Tyson alirudi na nywele zake za asili, fupi, zisizochomwa wala kutiwa dawa. Leo jambo hilo linaonekana dogo. Mwaka 1963 lilizua mjadala katika sebule nyingi.

Filamu iliyomweka mahali pake ni Sounder ya mwaka 1972, iliyoongozwa na Martin Ritt. Tyson ni Rebecca Morgan, mke wa mkulima maskini wa Louisiana mwaka 1933, anayelima shamba la mwenye mali kwa kugawana mavuno. Mumewe, anayeigizwa na Paul Winfield, anafungwa kwa kuiba nyama ya kulisha watoto. Rebecca anabaki na shamba, watoto na deni. Kwa sehemu kubwa ya filamu Tyson hafanyi mengi: anafua, anapika, anasimama mlangoni, na maneno yake ni machache. Anaibana huzuni ndani, mtazamaji anaiona tu katika shingo iliyokakamaa na namna anavyowajibu wakubwa kwa adabu isiyo na unyenyekevu. Kisha siku moja mtu anaonekana kwa mbali akichechemea barabarani. Rebecca anakaza macho, anamtambua, anatoka mbio huku mikono ameinyoosha mbele, akiliita jina la mumewe. Mbio zile zinaumiza moyo kwa sababu ya utulivu wote uliozitangulia. Mwigizaji aliyekwisha kulia mara tatu asingebaki na akiba ya kutumia hapo.

Kwa uhusika huo aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike, mwaka uleule alioteuliwa Diana Ross. Kabla yao mwanamke mweusi aliyewahi kufika hapo alikuwa mmoja tu, Dorothy Dandridge. Tuzo ilikwenda kwa Liza Minnelli. Lakini katika kuitangaza Sounder kulitokea jambo ambalo Tyson alilisimulia mara nyingi: mwandishi mmoja mzungu alikiri kwamba alistaajabu kumsikia mtoto mweusi katika filamu akimwita baba yake kwa jina lilelile la mapenzi ambalo watoto wake mwenyewe walimwita yeye. Tyson aliona kwamba kuna watu ambao bado hawajajua kuwa familia nyeusi ni familia. Tangu hapo hakukubali nafasi yoyote iliyowadhalilisha watu wake, wakati soko lilikuwa limefurika filamu za makahaba na wauza unga. Msimamo huo ulimfanya akae vipindi virefu bila kazi. Ni haki kuuhesabu kama sehemu ya ufundi wake: mhusika aliyeandikwa bila utu hana ndani, na mwigizaji wa aina yake hakuwa na pa kuingilia.

Kilele chake kilikuwa televisheni. Tarehe 31 Januari 1974 CBS ilionyesha The Autobiography of Miss Jane Pittman, kutokana na riwaya ya Ernest J. Gaines. Tyson, aliyekuwa na miaka 49, alimwigiza mwanamke aliyezaliwa utumwani, tangu ujana wake hadi umri wa miaka 110. Sura ya uzee ilitengenezwa na Stan Winston na Rick Baker. Vipodozi vinaweza kuukunja uso, lakini haviwezi kuufundisha mgongo namna ya kubeba karne, wala sauti namna ya kuchoka. Hayo aliyafanya mwenyewe. Karibu na mwisho, mwaka 1962, bibi huyo anashuka garini na kuelekea kwenye bomba la maji lililotengwa kwa wazungu. Anatembea kwa mkongojo, taratibu mno, na filamu inamwacha atembee. Anafika, anainama, anakunywa, anageuka na kurudi alikotoka. Hakuna hotuba. Filamu hiyo ilipata tuzo 9 za Emmy, mbili zikiwa za Tyson.

Mwaka 1977 alikuwa Binta, mama yake Kunta Kinte, katika mfululizo wa televisheni Roots, na mwaka uliofuata alikuwa Harriet Tubman, mwanamke aliyetoroka utumwani akawaokoa wengine. Kuhusu ndoa yake na mpiga tarumbeta Miles Davis, waliyoifunga mwaka 1981, yameandikwa mengi kuliko inavyostahili. Miaka iliyofuata ilikuwa ya nafasi ndogo ndogo, mpaka mwaka 2013 aliporudi Broadway baada ya miaka 30 katika The Trip to Bountiful ya Horton Foote. Alipoimba wimbo wa kanisani, watazamaji ukumbini waliitikia pamoja naye. Alichukua tuzo ya Tony akiwa na miaka 88. Mwaka 2016 Rais Barack Obama alimvisha Nishani ya Uhuru ya Rais, na mwaka 2018 alikabidhiwa Oscar ya heshima.

Katika mfululizo wa televisheni How to Get Away with Murder alikuwa mama wa mhusika wa Viola Davis. Katika onyesho moja la mwaka 2015 binti, mwanasheria anayeogopwa na wengi, anakaa sakafuni kati ya magoti ya mama yake huku akichanwa nywele. Davis amesema mara nyingi kwamba ni Miss Jane Pittman, aliyoitazama utotoni, iliyomfanya atake kuwa mwigizaji, na ndiye aliyeandika dibaji ya kumbukumbu za Tyson, Just as I Am. Kitabu hicho kilitoka tarehe 26 Januari 2021. Siku mbili baadaye Tyson alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 96.