Barua Inayosikika

Barua nzuri ya kazi ina fundi wake, na fundi huyo hasifiwi vya kutosha. Hapa Naviundu, Lubumbashi, watu waliyeyusha shaba tangu yapata karne ya 4: jiwe liliingia tanuruni, taka zikatengwa, shaba ikabaki. Karani hodari naye hutenga.

Huanzia kwenye salamu. Katiba ya nchi yetu ya 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Kwa hiyo watu wawili huweza kuzungumza Kiswahili asubuhi nzima, kisha wakaandikiana kwa Kifaransa cha ofisini, na salamu zake tulizorithi: nina heshima ya kufika mbele yenu kupitia barua hii. Mstari mzima umekwisha, haja haijatajwa! Sisemi adabu iondolewe. Mkubwa wa kazi aitwe kwa cheo chake, na mama mhasibu vilevile. Baada ya hapo haja isemwe.

Mtazame msimamizi wa ujenzi aliyepungukiwa simenti. Akiandika "kuhusu hali ya upungufu wa vifaa inayojitokeza", barua yake italala chini ya nyingine. Akiandika "Naomba mifuko 40 ya simenti ifike Ijumaa asubuhi, iliyopo itaisha Alhamisi jioni", mtu wa bohari anajua la kufanya na siku ya kulifanya. Ripoti ya zamu inadai zaidi. "Pampu ilizimwa" haimsaidii anayeingia kazini usiku. Nani aliizima? Saa ngapi? Kwa nini? Je, ni salama kuiwasha? Sentensi inayomtaja mtenda na sababu yake inaweza kuokoa mkono wa mtu, ndiyo maana siwakubalii wanaouona uandishi huu kuwa pambo la wasomi.

Tena mji huu unao ushahidi kwamba kalamu haikuwa ya wasomi peke yao. Mwaka 1965 André Yav alikusanya historia ya mji huu, wakati huo Elisabethville, kwa ajili ya chama cha watumishi wa majumbani. Jina la historia hiyo ni la Kifaransa, Vocabulaire de Ville de Elisabethville, lakini maneno yake ni ya Kiswahili cha hapa, yaliyopigwa kwa mashine, mengine yameshikana, mengine yamekatika pasipotarajiwa. Johannes Fabian, aliyeichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990, alimhitaji msaidizi wake Kalundi Mango aisome kwa sauti ndipo maana ifunguke. Jicho lilipokwama, sikio lilipita.

Basi ndugu yangu unayeandika ripoti jioni hii, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili, msomee mwenzako kwa sauti kabla hujatia saini. Akikuuliza unataka nini hasa, iandike upya.